Uyoga wa Magogo: Mwana wa Uozo au Baba Yake?

Wasikilizaji wangu, jioni hii sitawasimulia habari za watemi wala za vita. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mtu wa nchi ya Singida amekiona, na ambacho wachache tu wamesimama kukitazama. Ni ule uyoga mgumu uotao ubavuni mwa gogo lililoanguka.

Ukienda porini upande wa Manyoni mwezi wa Februari au Machi, mvua zikiwa zimekwisha kukolea, utaona magogo ya mitundu na ya miyombo mingine yamelala katika majani. Juu ya gogo moja utakuta vipande vyekundu kama chungwa bivu, vimejipanga kama vibao vya kuwekea vyombo. Juu ya gogo jingine uyoga ni wa rangi ya kahawia, mgumu kama gome, mpana kama sahani. Hauna mguu kama uyoga wa kichuguu ambao mama zetu huuchuma kwa furaha, bali umejishikiza katika mti kwa ubavu wake. Ukiupindua na kuutazama upande wa chini, hutaona zile kurasa nyembamba zilizo chini ya uyoga wa kichuguu. Utaona vitundu vidogo sana, elfu kwa elfu, kana kwamba mtu ameuchoma kwa ncha ya sindano.

Kwa kuwa haupikiki, watu huukwanyua na kuutupa. Mimi nami niliutupa, tena nikajuta.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilipewa kazi katika shule moja ya kijijini. Darasa letu lilikuwa la miti na udongo, na paa lake lilichukuliwa katikati na nguzo moja nene. Masika moja nikaona uyoga wa namna hii umeota chini ya nguzo ile, karibu na sakafu, vipande vinne au vitano. Tulikuwa tukimngojea mkaguzi, nami nikaona aibu. Nikawaamuru watoto waukwangue, kisha tukaipaka nguzo chokaa. Mkaguzi akaja, akausifu usafi wetu, akaenda zake. Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa mvua, nguzo ilikatika pale penye sakafu kama muwa mkavu, na paa likaangukia madawati ya watoto wa darasa la pili. Mungu alituhifadhi, kwa kuwa ulikuwa usiku. Asubuhi akaja mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kujenga tembe. Akachukua kipande cha nguzo, akakifikicha kwa vidole vyake kikawa unga, akaniambia, "Mwalimu, ulikata masikio ukamwacha mnyama."

Neno lile ndilo lililonifanya nitafute habari za uyoga huu. Na katika kusoma nimeona kwamba kosa langu halikuwa langu peke yangu. Wataalamu wakubwa wa dunia walilikosa jambo hilo hilo kwa karne nyingi. Swali lililowashinda ni hili: uyoga wa gogo ni mwana wa uozo, au ni baba yake? Yaani, je, mti huoza kwanza, kisha uyoga ukazaliwa katika uozo ule? Au uyoga huingia kwanza, kisha mti ukaoza kwa sababu yake?

Watu waliutumia uyoga huu kabla ya kuuliza umetoka wapi. Mwaka 1991, katika milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ilionekana maiti ya mtu aliyehifadhiwa na barafu kwa muda wa miaka 5,300 hivi. Miongoni mwa vyombo vyake vya safari vilikuwamo vipande viwili vya uyoga wa matundu, vimetungwa katika kamba za ngozi. Alikuwa pia na uyoga wa aina nyingine, ule ambao watu wa Ulaya waliutumia tangu kale kupokea cheche wakati wa kuwasha moto. Wazee wetu walipekecha moto kwa ulindi, na mtu yule alibeba uyoga. Haja yao ilikuwa moja.

Baada ya hayo tunamsikia Dioscorides, mganga Mgiriki wa karne ya kwanza baada ya Kristo. Katika kitabu chake cha dawa aliandika juu ya uyoga wa miti uitwao agarikoni, akausifu kuwa wafaa kwa magonjwa mengi. Lakini juu ya asili yake alisema tu kwamba wengine huuita mzizi wa mmea, na wengine husema huzaliwa katika mashina ya miti kwa sababu ya kuoza. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoshika. Kwa muda wa miaka elfu na zaidi wasomi wa Ulaya waliamini kwamba uyoga ni jasho la ardhi na la mti, kitu kisicho na mbegu wala wazazi.

Mtu wa kwanza kuitikisa imani hiyo kwa ushahidi alikuwa Mwitaliano, jina lake Pier Antonio Micheli, mtunzaji wa bustani za mimea katika mji wa Florence. Mwaka 1729 alichapisha kitabu kikubwa juu ya mimea. Humo aliuita uyoga wa matundu kwa jina la Polyporus, neno lenye asili ya Kiyunani, maana yake "wenye matundu mengi". Tena alieleza kwamba ameona vumbi laini litokalo katika uyoga, akalipanda juu ya vipande vya tikiti, na ukungu ulioota ulikuwa wa namna ile ile ya uliolitoa. Basi vumbi lile ni mbegu, na uyoga una wazazi kama viumbe wengine. Wengi hawakumsadiki. Si vyepesi kuiacha imani ya miaka elfu kwa sababu ya kipande cha tikiti.

Miaka ikapita, na ujinga huo ukawatoza watu gharama kubwa. Mwanzo wa karne ya kumi na tisa Uingereza ilikuwa ikipigana na Napoleon wa Ufaransa, nayo ilihitaji manowari nyingi. Manowari za siku zile zilikuwa za mbao za mwaloni. Mialoni iliyokaushwa vizuri ilikuwa haba, na mafundi wakatumia mbao mbichi. Mwaka 1810 ilishushwa majini huko Deptford, katika mto Thames, manowari kubwa yenye mizinga zaidi ya 100, jina lake Queen Charlotte. Kabla haijakwenda vitani ilionekana mbao zake zimeoza, ikabidi itengenezwe upya. Mwaka 1812 wakuu wa manowari walimwita James Sowerby, mchoraji na mjuzi wa mimea, ili aukague uyoga uliokuwa ukiota ndani ya merikebu ile. Fikirini, wasikilizaji, chombo kilichojengwa ili kishindane na mizinga ya adui, kikashindwa na uyoga kabla ya kupigwa risasi moja. Ndipo tuonapo maana ya mithali yetu: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nawaomba msikilize kwa makini habari ya baba mmoja na mwanawe, kwa kuwa hapo ndipo swali letu lilipojibiwa. Baba aliitwa Theodor Hartig, Mjerumani, mwalimu wa elimu ya misitu. Mwaka 1833 alichunguza ubao uliooza kwa darubini ya kuonea vitu vidogo, akaona ndani yake nyuzi nyembamba mno zikipita huku na huku. Lakini aliamini kwamba nyuzi zile zimezaliwa na ubao wenyewe ulipokuwa ukioza. Alimwona mnyama kwa macho yake, asimtambue.

Mwanawe, Robert Hartig, alizaliwa mwaka 1839, akaifuata kazi ya baba yake. Alikwenda msituni, akachukua uyoga wa matundu uliokuwa juu ya misonobari migonjwa, akaufuata kutoka nje hata ndani ya mti, akaona kwamba nyuzi zilizo ndani ya mti na uyoga ulio nje ni kitu kimoja. Tena aliona kwamba kila aina ya uyoga huacha uozo wa namna yake. Alichapisha maneno hayo mwaka 1874, na mwaka 1878 akatoa kitabu kingine juu ya kuoza kwa miti. Tangu hapo wataalamu walikubali kwamba uyoga si mwana wa uozo, bali ni baba yake. Alichokiona baba kikaelezwa na mwana; wala sidhani kwamba ni fedheha kwa baba.

Labda mtauliza, habari hizi za Ulaya zatuhusu nini sisi wa Singida? Jibu lake limelala chini ya reli. Njia za reli za Ulaya ziliwekwa juu ya mataruma ya mbao, nayo yalioza upesi. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hati ya ufundi wake wa kuzishindilia mbao mafuta ya lami yaitwayo kreosoti, ili zisiliwe. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walijua kwamba katika nchi hii ubao uliolazwa ardhini una maadui wengi, mchwa wakiwa wa kwanza. Kwa hiyo walitumia mataruma ya chuma. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Manyoni na Itigi, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Msafiri aliyeuliza kwa nini chuma kililetwa kwa merikebu kutoka mbali katika nchi iliyojaa miti, jibu lake lilikuwa katika gogo lolote la kando ya njia.

Basi tumtazame mnyama mwenyewe, tuyaache masikio yake. Uyoga tuuonao nje ni tunda tu, kama embe lilivyo tunda la mwembe. Mwili wake ni zile nyuzi zilizoenea ndani ya mti. Zinatoa majimaji ya kuuyeyusha mti, kisha zinakunywa kile kilichoyeyuka. Aina nyingine hula sehemu nyeupe ya mti na kuacha ile nyekundu, hata ubao ukawa wa kahawia, ukapasuka vipande vya mraba na kufikichika kuwa unga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nguzo yangu. Aina nyingine hula zote mbili, na ubao ukabaki mweupe, mwepesi, wenye nyuzinyuzi. Uyoga ule mwekundu wa porini, ambao wataalamu huuita Pycnoporus sanguineus, yaani wa rangi ya damu, ni wa kundi hili la pili. Huota katika nchi zote za joto duniani, nao hulipenda gogo lipigwalo na jua.

Nyuzi hizo haziwezi kula ubao mkavu. Ubao ukiwa na maji chini ya sehemu 20 katika kila sehemu 100 za uzito wake mkavu, uyoga hulala njaa. Ndiyo sababu katika nchi yetu yenye kiangazi kirefu, miti ya juu ya tembe hukaa miaka mingi, lakini nguzo huoza pale inapoingia ardhini. Huko chini kabisa hakuna hewa ya kutosha, na huko juu hakuna maji. Penye sakafu vyote viwili hukutana.

Na vile vitundu vina kazi gani? Ni milango ya mbegu. Ndani ya kila tundu vumbi la mbegu hujitenga na kuta, likaanguka moja kwa moja mpaka nje, upepo ukalichukua. Bwana Buller, Mwingereza aliyefundisha huko Kanada, alihesabu mbegu za aina moja ya uyoga mkubwa wa kahawia, akakadiria kwamba hutoa milioni elfu 30 kwa siku moja. Karibu zote hupotea. Itakayoishi ni ile iangukayo penye jeraha la mti au juu ya ubao wenye maji.

Kwa kuwa mbegu huanguka chini, vitundu havina budi kutazama chini sikuzote. Hapo mwenye kupenda historia anapata ushahidi mzuri. Ukikuta gogo limelala, na uyoga mkuukuu juu yake una matundu yanayotazama kando, fahamu kwamba uyoga ule uliota wakati mti ulipokuwa umesimama. Kama matundu yanatazama ardhi, umeota baada ya mti kuanguka. Wakati mwingine utaziona namna zote mbili juu ya gogo moja. Nimewapeleka wanafunzi wangu wa ualimu porini mara nyingi ili wasome gogo jinsi tusomavyo hati ya kale, nao wameweza.

Lakini wasikilizaji wasidhani kwamba nimekuja kuushtaki uyoga tu. Katika misitu yetu kuna walaji watatu wa miti iliyokufa, nao ni moto, mchwa na uyoga. Kama wote watatu wangeacha kazi, magogo ya miaka yote yangelundikana, na chakula cha ardhi kingebaki kimefungwa ndani yake. Moto hula kwa saa moja na kuacha majivu yapeperushwayo. Uyoga hula polepole, na mabaki yake hurudi udongoni.

Kisha iko kazi nyingine, ambayo watu wa Singida wameifaidi bila kumtaja mfanya kazi. Moyo wa mti mkubwa, hata mti ukiwa hai, ni ubao uliokufa tayari. Tawi likivunjika au moto ukiunguza shina, mbegu ya uyoga huingia hapo, na nyuzi hula moyo ule kwa miaka mingi, zikiuacha ukuta wa nje ulio hai. Mti husimama na majani yake, lakini ndani una pango. Ndani ya pango hilo nyuki huingia na kujenga masega.

Wakimbu, wakazi wa misitu ya kusini ya Itigi, tangu zamani walijulikana kuwa warina asali. Wahadza wa upande wa Mkalama humfuata ndege mlembe mpaka penye mti wenye pango. Na mzinga wetu wa gogo, tuuchongao na kuutundika juu ya mti, ni nini kama si mfano wa shina lililoliwa moyo? Mtu alimwona nyuki katika kazi ya uyoga, akaiiga kazi ile kwa shoka na tezo. Wakati wa Wajerumani, na baadaye wakati wa Waingereza, nta kutoka misitu ya nchi hii ilikuwa bidhaa iliyouzwa Ulaya, na asali ya Manyoni bado yasifiwa sokoni. Mnyama aliyeangusha paa la darasa langu ndiye pia aliyemfanyia nyuki nyumba.

Kwa muda mrefu uyoga wa nchi zetu haukuandikwa ila kwa vipande vichache vilivyopelekwa katika majumba ya elimu ya Ulaya. Mwaka 1980 Leif Ryvarden na Inger Johansen walichapisha huko Oslo kitabu kizima juu ya uyoga wa matundu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 2003 kikatoka kitabu juu ya uyoga wa Tanzania, kilichoandikwa na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi, mjuzi wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kazi njema, na vijana wetu hawana budi kuiendeleza, maana wao hupita karibu na magogo hayo kila siku, ambapo mgeni hupita mara moja.

Kabla sijamaliza, nitasema maneno matatu ya kutumia nyumbani. La kwanza, ukiona uyoga juu ya nguzo ya nyumba, usiukwangue ukadhani umeponya. Igonge nguzo kwa nyundo na usikilize. Kama sauti ni ya kitu kitupu, weka nguzo nyingine leo, si kesho. Nguzo mpya na iwe ya mti mkavu wenye moyo mgumu, na ukiweza isimamishe juu ya jiwe. La pili, usile uyoga usioujua kwa kuwa unafanana na unaoujua. La tatu, unapokata kuni, usiyamalize magogo makuukuu yote ya msituni, wala usiukate mti wenye pango kwa sababu eti hauna ubao. Kwako hauna kitu. Kwa nyuki ni mji.

Mzee yule fundi wa tembe hakusoma vitabu vya Hartig, wala Hartig hakupata kuiona tembe. Lakini wote wawili waliifikia kweli moja, kwamba kile kinachoonekana juu ya gogo ni sehemu ndogo ya kile kilichomo. Mimi nilihitaji paa lianguke ndipo nikaijua. Natumaini ninyi mtaijua kwa kusikiliza tu.

Nawatakia usiku mwema.